Nilivyotoa akiba yangu ya uzeeni mapema bila kodi ya ziada, shahidi akiwa maziwa ya mama

Wakuu, assalaam aleikum kwa wanaoitikia hivyo, na wengine wote hamjambo.

Nimesoma uzi wa jamaa mmoja hapa analia kwamba alitoa akiba yake ya uzeeni kabla ya wakati, kodi ikapita nayo kama fisi na mbuzi. Wengi mmempa pole. Mimi pole sina. Mimi nina kisa.

Yangu niliitoa mapema, miaka ya tisini, nikiwa Garissa, na hiyo kodi ya ziada haikunigusa hata ukucha. Sikuhonga mtu. Serikali niliiambia ukweli mtupu. Uongo ulienda sokoni peke yake, na huo nitaufikia.

Kila neno hapa dada yangu Dahabo amesomewa na amekubali. Alichokataa ni pale nilipoandika kwamba ana kelele. Basi nimefuta.

Kabla hamjauliza shule: niliishia darasa la tatu. Mwalimu alihama na mimi nikahama. Leo nina malori, nina nyumba ya ghorofa mjini, na wenye digrii wananiandikia barua za kuomba kazi. Nawajibu kwa heshima.

Tuingie ndani.

Wakati huo nilikuwa dereva wa kampuni moja ya barabara. Lori lao, kokoto zao, jua langu. Nimeendesha Garissa mpaka Wajir, Wajir mpaka Mandera, hadi nikawa naijua ile barabara kwa mgongo. Ukinifunga macho na kunipakia, naweza kukuambia tumefika wapi kwa jinsi figo inavyoruka.

Kampuni ilikuwa na mfuko wa akiba. Kila mwezi wananikata kidogo, wao wanaongeza, inalala huko Nairobi ikinisubiri nizeeke.

Sheria ya mfuko wetu ilikuwa hivi. Ukifika hamsini unaruhusiwa kustaafu mapema na kuchukua chako kwa kodi ya kawaida. Ukichukua kabla ya hamsini, kuna kodi nyingine juu yake, kipande kizito. Hiyo ni ya wakati ule na ya mfuko ule. Ya siku hizi kaulizeni wenyewe, msije mkanishika shati.

Sasa akatokea Mwangi.

Mwangi alikuwa mtu wa bara aliyekuwa akiuza mawe ya kujengea pale mjini. Alichoka na joto letu akaamua kurudi kwao Murang'a, na lori lake akaliuza. Wakuu, lile lori. Bedford, rangi ya kijani, bodi ndefu, injini ikinguruma unasikia kama mtu mzima anakohoa kwa heshima. Nililijua tangu likija mjini. Nikipishana nalo barabarani nilikuwa nalipigia honi lenyewe, si dereva.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kichwa. Mbuzi wanatoka Hadado na Wajir wanakuja soko la Garissa, na wenye mbuzi wanagombania nafasi kwenye malori ya watu wachache. Mwenye lori lake pale ni sultani.

Mwangi akaniambia, "Ndugu yangu, wewe nitakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Kuna mfanyabiashara wa Rhamu analima vitunguu kule mto Daua, pesa yake iko tayari. Mwezi ukiisha sitamwambia hapana mara mbili."

Akiba yangu ikija nzima, lori ni langu. Kodi ya ziada ikikatwa, nanunua lori lisilo na injini. Ilikuwa wazi hivyo.

Nikapiga simu Nairobi. Akapokea mama mmoja wa ofisi ya mfuko, sauti tamu kabisa.

"Kitambulisho chako kinasema una miaka arobaini na nne," akasema. "Subiri sita, au ukubali kukatwa."

Hapa lazima nisimame kidogo niwaeleze kitu, hasa nyinyi wa mjini.

Sisi wa kaskazini mashariki wengi tumezaliwa tarehe moja Januari. Angalieni vitambulisho. Hiyo siku moja mama zetu walifanya kazi kubwa sana. Ukweli ni kwamba karani wa usajili alikuja, akakaa kwenye kivuli, tukapanga foleni. Anakutazama usoni, anakuuliza umezaliwa lini, unamwambia mwaka ule ngamia walikufa kwa ndorobo, naye anaandika anachokiona yeye. Mimi nilikuwa mwembamba kwa ukame, mbavu zinahesabika. Akaona kijana mdogo, akaandika kijana mdogo.

Na mimi sikumkatalia, kwa nini nimkatalie? Habiba, mke wangu, nilimuoa kwa umri huo wa karani. Nilikuwa natembea Garissa nikijiita kijana. Wenzangu wakilalamika goti, mimi naruka ukuta.

Kwa hiyo, wakuu, mnaona nilipokwama. Mtu aliyejisifia ujana mji mzima sasa anatafuta uzee kwa udi na uvumba, na mwezi unakatika.

Rafiki yangu Gedi, dalali wa ng'ombe sokoni, alikuwa na ushauri mwingi kama kawaida yake.

"Jifanye kichaa," akaniambia. "Mtu mgonjwa anapewa pesa yake yote, hakuna kodi."

"Kichaa atapewa leseni ya kuendesha lori?"

"Haye. Basi sema unahama Kenya. Sema unaenda Yemen, hurudi."

"Na lori nitaendesha Yemen?"

"Wewe mtu ngumu sana," akasema Gedi. "Fungua mdomo."

Nikafungua. Akanishika taya vile anavyoshika ng'ombe, akageuza kichwa changu upande wa jua. Watu wakaanza kukusanyika. Kwa wasiojua, mnyama umri wake uko kwenye meno, na Gedi hakosei.

"Huyu si arobaini na nne," akawatangazia. "Huyu ameisha. Hata bei ya mchinjaji hapati."

Nikaenda basi kwa daktari wa hospitali ya serikali, naye, wakuu, akaniambia fungua mdomo. Miaka yote hiyo ya chuo kikuu na njia ni ile ya Gedi. Akaandika kwamba mimi ni kati ya arobaini na tano na hamsini na tano. Yaani hakunisaidia kitu, ila alinisifia magego.

Wiki hiyo kampuni ikanituma Wajir. Nikakata kona mpaka Hadado kumuona mama yangu. Hooyo alikuwa ameketi nje ya nyumba anasuka kamba, hakuinua hata macho.

"Hooyo, mimi nina miaka mingapi?"

"Umeanza kuumwa?"

"Nataka kujua tu."

"Mimi sikuhesabu miaka, nilihesabu watoto," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza. Ulikuwa umeanza kukaa bila kushikwa walipomleta Dahabo. Kamuulize Dahabo. Baba yake alikuwa mtu wa karatasi."

Wakuu, nilisimama pale kama nimepigwa na radi isiyoua.

Nieleze vizuri. Dahabo alizaliwa hospitali ya serikali pale Wajir, kwa sababu baba yake alikuwa mpishi wa hiyo hospitali. Mama yake alifariki siku hiyo hiyo, Mungu amrehemu. Baba akambeba yule mtoto mchanga akatafuta mwanamke mwenye maziwa, akampata hooyo kwenye visima. Hooyo akamnyonyesha upande mmoja, mimi upande mwingine. Kwa dini yetu mkinyonya ziwa moja nyinyi ni ndugu kamili, hata kuoana ni haramu. Kwa hiyo hakuna mtu kwetu anayesahau nani alinyonya na nani. Miaka ya kuzaliwa tunaipoteza, lakini hiyo hatuipotezi hata kidogo.

Na mtoto aliyezaliwa hospitali ya serikali ana cheti, kina tarehe ya kweli. Kama mimi nilikuwa nakaa Dahabo alipokuwa wa siku chache, basi mimi nimemtangulia. Umri wa Dahabo ukijulikana, wangu hauwezi kuwa chini yake. Na mwaka ule baba yake alikuwa akiutaja mara nyingi; nilipoupigia hesabu sasa, Dahabo alikuwa ameshapita hamsini.

Nilirudi Garissa ninaimba. Nilimpa lifti mbuzi wa mtu bure.

Sasa tatizo lilikuwa Dahabo.

Dahabo alikuwa anauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, mwanamke wa sauti... samahani, nimekumbuka. Mwanamke mwenye wateja wengi. Alikuwa ameolewa mara ya pili na mwalimu mmoja, kijana mtaratibu, na huyo mwalimu alikuwa anajua mke wake ana miaka thelathini na nane. Hakuna aliyemwambia vingine. Sokoni walimwita msichana wa maziwa, naye anaitika.

Nikafika kwenye meza yake, nikakaa kwenye debe, nikamweleza yote. Alikuwa anamimina maziwa. Hakumwaga hata tone.

"Kwa hiyo ukiwa na hamsini," akasema, "mimi niko na ngapi?"

"Dahabo, dada yangu..."

"Nimeuliza ngapi."

"Hamsini na kidogo."

"Ondoka kwenye debe langu."

Nikaondoka. Kesho yake nikarudi na kanga. Akachukua kanga, akanifukuza. Siku ya tatu nikaja na Habiba anisaidie kubembeleza, nao wakaongea saa nzima kuhusu mambo yao, wakacheka, wakasahau nipo. Mwisho nikamwambia ukweli wa moyo wangu.

"Dahabo, nimeendesha lori la wengine maisha yangu yote. Nikishuka jioni nawapa funguo. Nataka jioni moja nishuke na funguo zibaki mfukoni kwangu. Ni hilo tu."

Akafuta mikono.

"Warya, nisikilize. Cheti nitatoa. Atakiona huyo mtu wa serikali peke yake, mlango umefungwa. Na hapa sokoni wakiuliza imekuwaje wewe mzee na mimi msichana, na tulinyonya pamoja, utajibu wewe."

"Nijibu nini?"

"Utasema mimi nilikuja nikakukuta wewe ni mtoto mkubwa. Unachunga mbuzi. Na bado unanyonya."

Habiba alicheka mpaka akashika meza.

Wakuu, fikirieni. Mwanaume kama mimi. Mruka kuta.

Nikafikiria lile lori la kijani. Nikamwambia sawa.

Nikamleta hooyo kutoka Hadado. Alikataa kukaa mbele na mimi kwa sababu alisema naendesha kama mtu anayekimbia deni, akakaa na mbuzi nyuma akiwaongelesha njia nzima.

Ofisa wa usajili aliitwa Mutua, Mkamba mmoja mpole aliyekaa kwetu miaka mingi. Tukaingia: mimi, hooyo, Dahabo na cheti ndani ya mfuko wa sukari. Mlango ukafungwa. Hooyo hajui Kiswahili, kwa hiyo Dahabo akawa mkalimani.

Mutua akakisoma kile cheti, akamwangalia Dahabo, akakisoma tena. Dahabo akatazama dirishani.

"Muulize mama kama aliwanyonyesha hawa wote wawili," Mutua akasema.

Hooyo akaeleza. Alieleza visima, ukame, mpishi, mtoto alivyokuwa mdogo kama kiganja, jinsi mimi nilivyokuwa mlafi nikimpiga mwenzangu teke. Aliongea muda mrefu akionyesha kwa mikono.

Dahabo akatafsiri. "Anasema ndiyo."

Mutua akacheka mpaka akavua miwani. "Mama Dahabo, Kisomali kidogo nimeshasikia miaka hii. Hata teke nimelisikia."

Halafu akawa ofisa tena. Akauliza swali ambalo, wallahi, mimi sikuwa nimeliwaza.

"Maziwa yapo kwa sababu kuna mtoto amezaliwa. Nakubali. Lakini nitajuaje ni mtoto huyu? Pengine alikuwa kaka yake mkubwa aliyekuwa ananyonya, na huyu akazaliwa miaka sita baadaye."

Jasho lilinitoka pahali ambapo sikujua panatoa jasho. Niliona kabisa lile lori likielekea Rhamu limejaa vitunguu.

Dahabo akatafsiri, na safari hii alitafsiri neno kwa neno. Hooyo akaniangalia, akamwangalia Mutua, akainuka, akaja akanishika sikio. Akiwa amelishika akaongea.

"Anasema huyu ndiye aliyefungua tumbo lake," Dahabo akasema. "Kabla yake hakuna. Nje wako wazee wawili wa Hadado waliokuja na mbuzi, waulize mmoja mmoja, wasikae pamoja. Anasema pia, angekuwa na mwingine kabla ya huyu asingekubali kupata huyu."

Mutua akawaita wale wazee mmoja mmoja. Wote wakasema hooyo anaitwa mama fulani kwa jina langu, kama anavyoitwa kila mwanamke kwa mzaliwa wake wa kwanza, na kwamba mimi na Dahabo ni ndugu wa ziwa moja, na nilikuwa nakaa alipoletwa.

Akachukua kalamu. Kabla hajaandika akaniuliza, "Uko tayari? Nikikuzeesha hapa sikurudishi."

"Nizeeshe," nikamwambia.

Nikaingia mle ofisini na miaka arobaini na nne, nikatoka na hamsini na kitu. Nikaapa mahakamani, Mutua akatoa barua ya ofisi yake, nikapanda basi la Nairobi mwenyewe. Yule mama wa sauti tamu alisoma, akapiga simu Garissa kuhakikisha, akaniuliza ushahidi ulikuwa nini hasa.

"Maziwa," nikamwambia.

Akaomba nimweleze. Nilipomaliza alikuwa ameita ofisi nzima, nikaanza tena kwa ajili ya waliochelewa. Walinipa chai. Na pesa yangu ikatoka kwa kodi ya kawaida, ile ya ziada ikabaki huko huko kwake.

Mwezi ulikuwa unapumua pumzi ya mwisho nilipofika kwa Mwangi. Yule wa Rhamu alikuwa ameshakuja, amekaa kwenye kiti anakunywa soda yake. Nikaweka pesa mezani. Mwangi akazihesabu, akanipa funguo, naye mtu wa vitunguu akamaliza soda yake kiungwana akanipa mkono. Baadaye alikuwa mteja wangu.

Jioni hiyo nilizunguka Garissa bila mzigo, bila safari, bila sababu. Nilipita darajani Tana nikageuza, nikapita tena. Polisi wa kizuizi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nimeshapata. Niliposhuka, funguo zilikaa mfukoni kwangu, na nikalala nazo.

Halafu sokoni wakaanza.

"Tumesikia umekuwa mzee," Gedi akasema mbele ya madalali wote. "Na Dahabo mlinyonya pamoja. Sasa huyu msichana, iko namna gani?"

Dahabo alikuwa hapo na mtungi wake. Ananiangalia tu.

Nikasema kwa sauti ya kutosha: "Alinikuta nikiwa mkubwa. Nilikuwa nachunga mbuzi. Nilikuwa bado nanyonya."

Soko likapasuka. Mtu mmoja alilala chini. Kuna ng'ombe walikata kamba.

"Ulikuwa unaacha mbuzi unakimbia kunyonya?" Gedi akauliza, machozi yanamtoka.

"Jioni tu," nikasema.

Tangu siku hiyo jina langu likawa Ndama. Nikienda kunywa chai wananiuliza, "Ndama, chai, au tumuite hooyo?" Gedi akaja na rangi, akaandika NDAMA mbele ya lori, juu ya kioo, herufi nyeupe. Nilitaka kufuta. Lakini wafugaji wa Hadado wakaanza kulitafuta lori kwa jina, "leo Ndama inapita?", na nafasi zikawa zinajaa kabla sijafika. Mnajua tena biashara. Nikaacha.

Habiba nyumbani naye alipata lake. "Kumbe nimepika kwa mzee miaka yote hii," akasema. "Kuanzia leo hakuna nyama ngumu." Na kweli nyama ikawa laini. Hiyo mimi nahesabu kama faida ya kustaafu.

Ndama ile ikazaa malori mengine, alhamdulillahi, na mengine yote nikayapa majina ya heshima, na hakuna mteja anayeyakumbuka.

Sasa kwa nini naandika leo na siku zote nilinyamaza? Kwa sababu kina mama wa maziwa pale sokoni waliunda kamati, wakataka mwenyekiti. Wakasema awe mama mkubwa, mwenye umri, mtu wa kuheshimiwa. Kuna mmoja alikuwa anaelekea kupita. Mara Dahabo huyo, katikati ya mkutano, na cheti mkononi, amekiinua juu kila mtu asome. Akapita bila kupingwa.

Mume wake mwalimu alikuwepo. Akaulizwa kama ameshtuka. Akasema alikiona cheti kwenye mfuko wa sukari mwaka ule ule wa kwanza wa ndoa, akaona akiuliza atakosa maziwa.

Nikamfuata Dahabo pale pale mbele ya watu. "Haye, mwenyekiti. Sasa waambie. Nilikuwa na umri gani ulipoletwa?"

Akanitazama, akatazama soko lake lote, akakunja cheti polepole.

"Hiyo cheti haikusema," akajibu. "Mimi ninachokumbuka ni mbuzi."

Funzo, wakuu. Msikimbilie kutoa pesa ya uzeeni, na msikimbilie kukatwa. Kwanza hakikisheni kwamba mambo yenu yaliyoandikwa ni ya kweli, jina, tarehe, kila kitu, mkiwa bado na mtu hai wa kuwashuhudia. Mimi nilikuwa nimefika umri na sijui. Na njia za kichaa na Yemen muachieni Gedi.

Mwenye mama hai ampigie leo amuulize alinyonya na nani.

Haya, semeni na nyinyi: nani hapa kitambulisho chake kinasema tarehe moja Januari, na alijuaje umri wake wa kweli? Wa kunicheka, nimekaa nawasubiri. Lori liko nje, na jina bado liko juu ya kioo.